Pale Barafu Inapoishia

Mwaka ule baridi ilipiga kisiwa chetu cha Hiiumaa mpaka moshi ukagoma. Ulitoka kwenye bomba la jikoni, ukapanda urefu wa mtu juu ya paa, ukaganda hapohapo, umesimama kama mti. Jirani mmoja ilibidi apande na shoka aukate ndipo moto uvute, na kipande alichoangusha kilimwulia kuku wawili. Anayebisha akawaulize hao kuku.

Lakini habari ya Kaljo Pruul haitaki kuongezwa chumvi. Chumvi yake yenyewe inaitosha.

Kaljo alikuwa mtu wa barafu. Wengine kisiwani ni watu wa kondoo, wengine wa samaki, wengine wa kukaa tu. Yeye, kila majira ya baridi, bahari ilipoganda kati ya kisiwa na bara, alibeba keke ya kutobolea, ubao wa kupimia na mzigo wa matawi ya mreteni, akashuka pale gatini Heltermaa, akaanza kutembea juu ya maji. Anatoboa, anapima, anachomeka tawi. Anatoboa, anapima, anachomeka tawi. Nyuma yake njia inazaliwa. Akikwambia pita, unapita na gari lako na ng'ombe wako ndani. Akikwambia ngoja, hata askofu anangoja. Watu walisema anaisikia barafu kwa nyayo, na kwamba siku moja alilaza sikio chini akasikia samaki wawili wakigombea urithi wa marehemu baba yao.

Alikuwa mzee sasa, ana mabega mapana na masikio yaliyoliwa na baridi kwenye ncha. Hakuwa na adui duniani isipokuwa mmoja, naye ni mkanda wa gari.

Hiiumaa hata mtoto wa chekechea anajua: gari likishuka kwenye barafu, unafungua mkanda. Kuna bango pale chini ya gati linalokuamuru, na mlinzi anakuchungulia dirishani. Barafu ikikusaliti unapata nafasi ya kutaja jina lako tu, hupati nafasi ya kutafuta kitufe. Ukifika ng'ambo, gurudumu likigusa ardhi, bango la pili linakwambia ufunge tena. Kaljo alilisoma bango la kwanza. La pili alilipita miaka yote kama mtu anayempita mdai wake njiani.

Sababu ilikuwa ndugu yake, Heldur. Zamani hizo za utawala wa Wasovieti, Heldur alikuwa akirudi kutoka bara na gari lake la Moskvich la rangi ya krimu, barafu ikamfungukia. Walipolivuta gari juu kwa kamba na trekta, Heldur alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mikono mapajani, mkanda umempita kifuani, kama mtu anayengoja kupigwa picha. Kitufe kilikuwa kimekwama. Kaljo ndiye aliyeukata ule mkanda kwa kisu chake cha samaki. Nyumbani, Aime, mke wa Heldur, alikuwa ananyonyesha mtoto wao wa kwanza na wa mwisho, Urmas.

"Bahari haikumchukua ndugu yangu," Kaljo alizoea kusema, iwe sauna, iwe harusini. "Bahari ilimwachia mlango. Mkanda ndio uliomshika."

Utamjibu nini mtu aliyemkata ndugu yake kwenye kiti?

Urmas akakua mikononi mwake. Aime alimwachia, kwa kuwa mtoto wa kiume kisiwani lazima afundishwe na mtu. Kaljo akamfundisha kushona nyavu, kuchoma samaki bapa kwa moshi bila kuwakausha, kusoma rangi ya barafu: nyeusi inabeba, nyeupe inadanganya, ya kijivu inaua. Akamfundisha na la mkanda. Urmas akawa jitu la mtu, karibu miaka arobaini, fundi wa injini za boti, hajaoa, anacheka kabla mzaha haujaisha. Kila Jumapili alikula kwa mama yake, Kaljo naye mezani, na kila safari ya ng'ambo Aime alimsindikiza mpaka langoni kama anayekwenda vitani, halafu akamgeukia shemeji yake.

"Kaljo."

"Najua, shemeji."

"Hujui. Ninaye huyu mmoja."

Ndivyo alivyosema hata asubuhi ile.

Siku hiyo walikuwa watatu kwenye gari. Kaljo akiendesha, mkewe Virve kando yake, Urmas nyuma. Virve alikuwa anakwenda kuonwa na daktari wa macho mjini Haapsalu, kwa maana mtoto wa jicho alikuwa amemtanda mpaka anamsalimia mbwa wa jirani akidhani ni jirani. Urmas alikuwa anakwenda kuangalia injini kuukuu inayouzwa.

Gari lenyewe lilikuwa jipya jipya. Binti yao Piret, anayekaa Tallinn, ndiye aliyewalazimisha kulichukua. Alisema lina mifuko ya hewa kila upande, lina breki zenye akili, na likipata ajali linapiga simu lenyewe. Kaljo akaliita Mwalimu Mkuu, kwa sababu ukikaa bila mkanda lilipiga kelele *ti, ti, ti* bila kuchoka. Mwezi wa kwanza alizunguka kisiwa kizima likimlilia hivyohivyo, kondoo wakimfuata wakidhani analeta chumvi. Mwishowe Urmas akamtengenezea ulimi wa chuma wa kuchomeka mahali pa mkanda. Gari likaamini limemfunga mtu, likanyamaza.

Juu ya barafu Kaljo alikuwa na furaha, maana pale hata sheria ilikuwa upande wake. Mikanda yote mitatu imelala. Madirisha wameyaacha wazi kidogo, upepo unaingia kama sindano. Matawi ya mreteni yanapita moja moja.

"Ba'mkubwa, ama ukaze mwendo ama uende pole kabisa," Urmas akasema kutoka nyuma. "Hapo katikati ndipo unapoitikisa bahari."

"Unanifundisha barafu? Mimi niliyekufuta kamasi juu ya barafu hii hii?"

"Ndiyo sababu pua yangu ina baridi mpaka leo."

"Pua yako imekua kwa uongo. Ni ya ukoo wa mama yako."

"Nitamwambia."

"Mwambie! Nikifa njaa Jumapili utajua ni wewe."

Virve akacheka, akamimina kahawa, akaimwagia nusu kwenye glavu. "Nyie mnaongea, mimi naona ukungu mtupu. Tumefika?"

"Bado. Ukiona ukungu mweusi, hiyo ni nchi kavu."

Nchi kavu ikaja. Gari likapanda mteremko wa Rohuküla, magurudumu yakabadilisha sauti. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ndogo ilinyesha bara, ikaganda ilipoangukia, barabara ikang'aa kama sahani iliyorambwa na paka. Kaljo akasimama kando ya bango la pili ili kufunga madirisha.

Virve akanyoosha mkono, akapapasa kiunoni kwa mumewe, akauchomoa ule ulimi wa chuma.

"Mama Piret! Rudisha hapo."

"Barabara ni kioo. Hata mimi kipofu naiona."

"Nimeendesha kwenye kioo kabla hujazaliwa."

"Nimekuzidi miezi minne, usinifanyie utoto." Akafungua mlango, akateremka, akasimama kwenye theluji akiwapa mgongo, akaurusha ule ulimi kwa nguvu zake zote kuelekea baharini. Mkono wa mwanamke aliyepura mashuka na kubeba kuni maisha yake yote si mkono wa mchezo. Hawakusikia ulipoanguka.

Mwalimu Mkuu akaanza: *ti, ti, ti.*

Kaljo akatukana ukoo wa aliyebuni gari, ukoo wa Piret kwa upande wa mama, kisha akauvuta mkanda, akaufunga.

Nyuma, Urmas alikuwa anacheka kimya. "Haya, tumeshindwa vita," akanong'ona, akashika mkanda wake naye, akauvuta mpaka kifuani.

Kaljo akamwona kwenye kioo kidogo. Kwa sura, Urmas alikuwa baba yake mtupu.

"Wewe uache," akasema chini chini, mke wake asisikie. "Mimi nimefungwa kwa ajili ya amani ya nyumba. Wewe ni mtoto wa Heldur. Sitaki kumwona Heldur amefungwa mara ya pili."

Urmas akamtazama kidogo. Kisha akaachia. Mkanda ukarudi mahali pake polepole, *srrr*, kama nyoka anayeingia shimoni. Taa ndogo nyekundu ikawaka juu ya kioo, bila kelele. Virve alipoingia akikung'uta buti, hakuwa na macho ya kuiona. Akafunga wake. Wakaondoka.

Misonobari ilikuwa imeikaribia barabara pande zote mbili. Hawakuwa hata wamefika mjini. Virve alikuwa anauliza kama Urmas atakula supu ya njegere kwa yule mama wa sokoni au atangoja ya nyumbani, na Urmas alikuwa anasema atakula zote mbili, ndipo kulungu mkubwa alipotoka msituni. Hao wa kwetu wana urefu wa farasi na nusu, na akili ya nusu farasi. Alitoka taratibu kama mwenye shamba, akasimama katikati ya njia, akawatazama.

Kaljo akakanyaga breki. Breki zikaupiga teke mguu wake, *gr-gr-gr-gr*, akahisi gari linashindana lenyewe na ule utelezi, gurudumu moja moja, likikataa kuzunguka. Mwendo ukapungua. Ukapungua sana, wakaguzi walisema baadaye, na bila hivyo asingebaki wa kusimulia. Lakini haukwisha. Wakamgonga mnyama kwa pembeni, kiunoni, kioo cha mbele kikawa cheupe chote, gari likageuka ubavu, likaenda hivyo kwa muda uliokuwa mrefu kuliko maisha, likaingia mtaroni, likapinduka mara moja na nusu, likatua juu ya paa.

Mifuko ya hewa ilipasuka yote kwa pamoja. Ndani mkawa na vumbi jeupe na harufu ya baruti.

Kisha kimya. Theluji kidogo ikaanguka kutoka kwenye mti.

Kaljo alikuwa ananing'inia kichwa chini. Mkanda ulikuwa umemkata kifua toka bega hadi kiuno na ulikuwa umembeba mzima mzima, kama gunia kwenye mizani. Mkono wa kulia haukuwa wake tena. Aliuona unayumba mbele ya uso, mtulinga umetokeza chini ya ngozi kama kijiti chini ya shuka. Kwenye shingo palikuwa na moto.

"Virve."

"Nipo." Sauti yake ilitoka kama kutoka kwenye pipa. "Pua yangu imevunjika nadhani. Wewe?"

"Urmas!"

Hakuna jibu.

"Urmas!"

Ndipo mwanamke mwingine akazungumza ndani ya gari, kwa utulivu kabisa. "Hapa ni huduma ya dharura. Gari lenu limetuarifu kuwa mmepata ajali. Mnanisikia?"

Kaljo akafikiri, ni malaika, na anaongea kama karani wa posta. Kisha akakumbuka maneno ya Piret.

"Tuko watatu," Virve akasema. "Mmoja haitikii. Mimi na mume wangu tunaning'inia kichwa chini."

"Msaada uko njiani. Bwana unayening'inia, shingo inauma?"

"Inauma. Nakata huu mkanda nishuke." Mkono wake wa kushoto ulikuwa unakitafuta kisu. Alikibeba kiunoni miaka yote hiyo kwa kazi moja tu, kazi hii. Lakini kilikuwa upande wa kulia, na vidole havikufika.

"Usikate. Bwana, nisikilize. Ukikata utaangukia kichwa, na shingo hiyo haitastahimili. Mkanda ndio unaokushikilia sasa. Uache ukushike."

Kaljo akafumba macho. Aliuona uso wa Heldur pale kwenye kamba na trekta, maji yanamtoka puani. Mwili wake wote ulitaka kujirusha, kama samaki ndani ya wavu. Akauma meno. Akabaki.

Alipofumbua macho akamwona Urmas kwenye kioo kidogo.

Alikuwa nje. Kioo cha nyuma hakikuwepo, na huko nje, mbali kidogo, Urmas alilala chali kwenye theluji, bila kofia, buti moja imetoka. Kwa kuwa Kaljo alikuwa amepinduka, alimwona kama mtu aliyebandikwa kwenye dari. Mdomoni mwake palikuwa panatoka mvuke. Unatoka, unakatika. Unatoka, unakatika.

"Anapumua!" Kaljo akapiga kelele. "Namwona! Yuko nje, anapumua!"

Virve akajipapasa kiunoni. Kitufe kilifunguka kwa kidole kimoja, *tk*, kama hakijawahi kukwama duniani. Akaanguka juu ya paa, akapiga yowe, akatambaa nje kupitia dirisha lake. Vioo vilikuwa vimevunjika vipande vya mviringo kama chumvi ya mawe, havikumkata. Akasimama kwenye theluji iliyomfika magotini, damu inamtoka puani, mikono mbele kama mtu anayecheza kibe kwa macho yaliyofungwa.

"Wapi? Sioni! Kaljo, niambie wapi!"

"Kushoto! Nenda kushoto!"

Akaenda kushoto. Akaanguka, akainuka, akaenda zaidi, akimwita. Kaljo akamwona anazidi kuwa mbali na Urmas, na akili ikagutuka: yeye ndiye aliyepinduka, kushoto kwake si kushoto kwa aliyesimama.

"Rudi! Kulia! Kulia kwako! Virve, rudi, nimekosea, kulia!"

"Umesema kushoto!"

"Kulia! Mbele ya mti mdogo! Mama Piret, haraka!"

Akageuka. Akafuata sauti yake. Mwishowe aliukanyaga mkono wa Urmas ndipo akajua amefika, akapiga magoti, akavua koti lake, akamfunika, akakizungushia kichwa cha Urmas sketi yake bila kukiinua, kama yule mwanamke ndani ya gari alivyokuwa anaelekeza kwa sauti kubwa.

"Mwanangu. Mimi mama yako mkubwa. Nipo hapa."

Urmas akasema kitu.

"Amesema nini?" Kaljo akapiga kelele.

"Anauliza kofia yake."

"Mwambie ataipata!"

"Nimemwambia."

Akaendelea kumwambia. Alimwambia habari za supu ya njegere, na jinsi alivyozaliwa na nywele nyingi mpaka mkunga akauliza kama ni dubu. Mvuke ulitoka, ukakatika. Kaljo aliutazama ule mvuke kama alivyoitazama barafu maisha yake yote, akipima unene wake. Ukawa mwembamba. Ukawa kama ule wa kikombe kilichopoa. Kisha akangoja, akangoja, akapepesa jicho asije akawa amekosea.

Virve hakuona. Aliendelea kumsimulia yule mtu wake habari za mkunga, akimpangusa theluji kwenye nyusi, na Kaljo, kichwa chini, mdomo umejaa vumbi jeupe, alikuwa mtu wa kwanza kujua, na hakusema. Alimwacha azungumze mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Hospitalini wakamwekea plasta toka bega mpaka vidoleni na kola ngumu shingoni. Daktari alimwonyesha kwenye kioo alama ya mkanda, nyeusi na zambarau toka begani hadi kwenye nyonga. "Hii ndiyo iliyokuokoa," akasema. "Hiyo na puto la usoni. Mkeo vilevile. Umri wenu, mwendo ule, ni bahati kubwa." Kaljo akaomba ashushiwe shati.

Akaja askari, mtu mpole, akavua kofia. "Wa nyuma hakuwa amefunga. Ndivyo inavyotokea kila mwaka, mzee. Watu wanafungua kwa ajili ya barafu, wakifika nchi kavu wanasahau."

Wanasahau. Neno zuri lile, laini kama blanketi. Wageni wote wakalichukua. Mchungaji alisema Urmas alisahau. Jirani aliyekata moshi alisema hata yeye husahau. Piret alilia kwenye simu, akasema kwa nini yale magari hayapigi kelele na kwa viti vya nyuma.

Hata Virve. Yeye walimruhusu mapema, na kabla hajaondoka kwenda kuoka mkate mweusi wa matanga alikaa kwenye ukingo wa kitanda, uso umevimba, macho yake meupe hayajui pa kutua.

"Ningegeuka nyuma," akasema. "Kidogo tu. Nikampapasa kifua, nikajua kama amefunga. Lakini nilikuwa nagombana na wewe juu ya kile kichuma, nikajiona mshindi. Nimemwua mtoto wa Aime kwa ujeuri wangu."

Kaljo akamwambia awahi mkate wake.

Aime ndiye aliyekuja kumchukua. Hakuna aliyemtuma. Maiti ilikuwa imeshavushwa na mazishi yalikuwa yanamngoja Kaljo tu. Aime alisema shemeji yake atamleta mwenyewe. Alikuja na gari lake dogo jekundu, kitambaa cheusi kichwani, amekonda ndani ya siku chache hizo kama mtu aliyefuliwa kwa maji ya moto. Akamfungulia mlango. Kaljo akaingia kwa shida, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa plasta na wa pili haufiki, Aime akainama akamfunga mkanda. Hakumtazama.

Wakafika pale barafu inapoanzia. Mlinzi akawatambua, akashusha macho. Aime akafungua mkanda wake, kisha wa Kaljo, akaingia kwenye njia ya matawi.

Juu ya barafu gari halisimami. Ni marufuku, ukisimama, uzito unakaa mahali pamoja, bahari inachoka. Kaljo alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akangoja mpaka bara likawa mstari tu nyuma yao.

"Shemeji. Hakusahau."

Mikono ya Aime haikuyumba kwenye usukani.

"Alikuwa ameushika. Ameuvuta mpaka hapa. Mimi nikamwambia auache. Virve alikuwa nje, hakusikia. Nilimwambia yeye ni mtoto wa Heldur, sitaki kumwona amefungwa. Akaniangalia, akaachia. Aliachia kwa sababu ni mimi niliyesema."

Matawi yakapita. Upepo ulikuwa unaingia kwenye nafasi ya dirisha, unalia.

"Ulikuwa unangoja barafu ndipo uniambie," Aime akasema.

"Ndiyo."

"Ili nisiweze kusimama nikakushusha."

"Ndiyo, shemeji."

Akaendesha. Kisha akasema, kwa sauti kavu kama ya mtu anayesoma bei dukani:

"Njia ilikuwa imefungwa siku ile ya Heldur. Wewe mwenyewe uliifunga. Ulichomeka matawi mawili kwa msalaba pale gatini, ukamwambia usoni, barafu ni ya kijivu, lala bara. Akalewa kwa rafiki zake, akaja usiku. Mkanda haukumpeleka pale, Kaljo. Alijipeleka."

Kaljo akaanza kuhesabu matawi.

"Ulipoanza ule wimbo wako wa mkanda, nilijua. Uliuchukia mkanda usije ukamchukia yeye. Nami nilikuacha. Ilinifaa mtoto wangu akue akijua baba yake aliuawa na kitambaa, kuliko kujua alikuwa mlevi na mpumbavu aliyetuacha. Nilikaa mezani kila Jumapili nikakusikia unamfundisha, nikawaongezea viazi."

"Mimi ndiye niliyemwambia aachie."

"Wewe ndiye." Akapangusa pua kwa kiganja. "Sisemi si wewe. Usinitafutie msamaha hapa, sinao."

"Sijaja kuutafuta."

"Virve anajua?"

"Anadhani ni yeye."

Hapo ndipo Aime alipogeuka kumtazama, mara ya kwanza tangu hospitalini, kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu anayeendesha. "Leo utamwambia. Kabla ya kaburini. Ama nitamwambia mimi, mbele ya watu, nao wako wengi."

"Nitamwambia."

Kisiwa kikatokea, gati, paa la ghala, watu wachache wenye nguo nyeusi wamesimama kwenye theluji. Gari likapanda. Magurudumu yakashika ardhi. Aime akalisimamisha kando ya bango linaloamuru kufunga mikanda, akazima injini, akaketi.

Kaljo naye akaketi, hajafungwa. Mkono mmoja plasta, wa pili haufiki. Hakuomba. Nje, mtu mmoja kati ya wale waliosimama aliinua mkono kusalimu, akaushusha.

Aime akashuka. Akazunguka mbele ya gari polepole, akishika boneti asiteleze, akafungua mlango wa Kaljo. Akauvuta mkanda, akaupitisha juu ya mtulinga uliovunjika, juu ya ile alama nyeusi, kwanza taratibu, halafu kwa nguvu, akaukaza mpaka Kaljo akatoa sauti. Akaukaza tena. Akausukuma kwenye kitufe ukashika.

Kisha akarudi upande wake, akafunga wa kwake, wakaenda kumzika Urmas.